Zuwena, picha ya kifua inaonyesha kifua

Wete, Pemba
Machi 2022

Shoga yangu Zuwena,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, Shaabani inakatika na watu washaanza kuulizana bei ya mchele na sukari. Sauti zako nimezisikiliza zote, hata ile uliyorekodi ndani ya daladala, nusu yake honi. Nimeona nikuandikie, maana mambo haya kwa sauti yanapotea, na najua utataka kumsomea shemeji, ambaye tangu augue korona hajarudi sawa.

Unaniuliza: korona si ugonjwa wa mapafu? Na picha ya kifua imetoka safi, sasa iweje moyo umwende mbio akipanda ngazi za maghorofa ya Michenzani huko Unguja, na fundi mzima asahau kipimo cha mlango alichokipima mwenyewe sasa hivi? Halafu anaambiwa apunguze mawazo! Miye ni mtu wa maabara, si daktari, lakini jibu hilo silikubali. Picha ya kifua inaonyesha kifua, basi.

Kirusi kile hupitia puani na kooni, hilo kweli. Lakini ili kizame ndani ya seli hushika kwanza protini inayoitwa ACE2, iliyokaa juu ya seli. Protini hiyo ina kazi yake ya siku zote, kusaidia kuweka sawa presha ya damu, na ndiyo maana imeenea: matumboni, kwenye figo, moyoni, kwenye mishipa. Mapafu ni mlango wa mbele tu. Nyumba ina milango mingine.

Kinachonitia hofu zaidi ni mishipa ya damu. Ule utando laini ulioitandika kwa ndani ndio unaozuia damu isigande ovyo. Aprili 2020 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti kuwa katika wagonjwa wao wa korona utando huo ulikuwa umevimba na kuharibika, tena si mapafuni peke yake, bali moyoni, kwenye figo na utumbo. Kinga ya mwili nayo ikichachamaa inazidisha. Utando ukishadhurika, damu hufanya mabonge. Bonge la mguuni huvimbisha mguu. Likisafiri hadi mapafuni mtu hukata pumzi. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Ugonjwa mmoja, sura nyingi, kwa sababu hakuna kiungo kisichofikiwa na damu.

Februari mwaka jana, siku zile alipozikwa hapa Mtambwe Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliyekuwa ameugua korona, barazani yalikuwa mazungumzo ya pumzi na oksijeni tu. Nani aliuliza figo? Na huko New York, mwaka 2020, kwenye kundi moja la hospitali zilizolaza wagonjwa zaidi ya 5,000, zaidi ya theluthi yao figo zilidhurika ghafla. Shemeji hakulazwa, kwa hivyo hatari yake ndogo. Lakini umenambia kila maumivu ya mgongo anameza diklofenaki. Aziache. Dawa hizo zinaweza kuumiza figo hata za mtu ambaye hajaumwa kitu.

Na hiyo deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, nani kampa? Utafiti wa Uingereza wa Juni 2020 ulionyesha inaokoa waliofika kuhitaji oksijeni. Waliokuwa hawahitaji oksijeni haikuwafaa. Dawa hiyo hupandisha sukari, na korona yenyewe imeonekana kuamsha kisukari kwa baadhi ya watu. Kwa hivyo kiu hiyo ya usiku unayoisema usiipuuze, apime sukari.

Kuhusu moyo, mwezi uliopita umetoka utafiti wa askari wastaafu wa Marekani, zaidi ya 150,000 walioambukizwa, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliougua walipatwa zaidi na mapigo yasiyo na mpango, moyo kushindwa kazi, kiharusi. Hata wale waliougulia nyumbani wamo, ingawa waliolazwa ndio walioumia zaidi. Mfanyie hivi: alale dakika tano, hesabu mapigo yake kwa dakika nzima. Asimame, asiegemee, hesabu tena mara kwa mara mpaka dakika kumi. Yakipanda kwa 30 au zaidi na yasishuke, andika uende nayo kwa daktari. Hayo si mawazo, huenda mishipa ya fahamu inayoongoza moyo imevurugika. Akipata maumivu ya kifua au kuzimia, msisubiri kuhesabu chochote.

Kusahau nako kuna wenzake wengi. Waingereza walikuwa na picha za ubongo za watu zilizopigwa kabla ya janga; wakawapiga tena 785, zaidi ya nusu yao washaugua katikati, wengi kidogo tu. Walioambukizwa walionekana kupungukiwa zaidi na ubongo, hasa sehemu zinazohusiana na harufu. Mama mdogo wangu wa Mtambwe alikaa miezi anaanika karafuu uwani na hasikii harufu yake, akidhani zimeharibika. Kwake imerudi yote. Kwa wengi hurudi, kwa sababu kirusi hushambulia zaidi seli zinazoilea mishipa ya harufu kuliko mishipa yenyewe.

Lakini usiitwishe korona kila kitu. Kuchoka na moyo kwenda mbio kunaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, presha, hata kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, Oktoba iliyopita, lilisema dalili zihesabiwe za korona ikiwa hakuna maradhi mengine yanayozieleza. Basi aombe picha kamili ya damu, sukari, kreatinini ya kuangalia figo, protini kwenye mkojo, tezi, na kipimo cha umeme wa moyo.

Mkweo anataka anywe kombe la aya za Qur'ani. Anywe, dua haijagombana na maabara. Ila mbao asibebe mpaka moyo uangaliwe. Na siku akijisikia mzima asijilipizie kazi za wiki nzima, kesho yake ndiyo humlaza.

Ramadhani ndiyo hiyo, na najua atang'ang'ania kufunga. Majibu ya figo na sukari yatoke kwanza, daktari aseme. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye Qur'ani, halazimishwi. Akiruhusiwa, maji ya kutosha toka futari mpaka daku, na chumvi asiongeze mpaka presha ipimwe.

Karatasi za majibu zipige picha unirushie, zenye namba, si "wamesema nzuri". Namba ya kreatinini naitaka mwenyewe.

Wasalimie watoto na mama.

Shoga yako,
Mwanakombo