Kutojua si kinga ya milele

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako haijanitoka kichwani, hasa pale ulipoandika kwamba nchi zilizotangulia kujenga viwanda hazidaiwi kitu kwa mabadiliko ya tabianchi, maana wakati ule hakuna aliyejua. Nakujibu kwa msaada wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kisingizio cha kutojua alikichambua zamani sana, na kwa makini.

Nusu ya njia yuko nawe. Katika sehemu ya tatu ya kitabu chake cha maadili anasema atendaye bila kujua hahukumiwi sawa na ajuaye. Ila anaweka masharti. Kutojua kwenyewe kusitokane na uzembe: anakumbusha kwamba watunga sheria walimpa mlevi adhabu maradufu, kwani alikuwa na uwezo wa kujizuia asilewe. Sharti jingine ndilo linalonigusa zaidi. Mtu akishajua, aumie kwa alichofanya. Asiyeumia hawezi kudai kwamba alitenda kinyume cha nia yake.

Sasa tupime. Mwaka 1896 Svante Arrhenius, mwanasayansi wa Sweden, alikwisha kukokotoa kwamba kaboni dioksidi ikizidi angani, dunia itapata joto. Tuseme jambo hilo lilibaki kwa wataalamu; mtu wa 1900 mimi simlaumu. Lakini ripoti ya kwanza ya jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa ilitoka 1990, na mkataba wa tabianchi ukafunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro 1992. Zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi yote ambayo binadamu amewahi kuitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi imetoka baada ya 1990. Huko si kutojua tena, Rehema.

Na kuumia je, kumeonekana wapi? Mkataba wa Paris wa 2015 una ibara ya hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi, lakini uamuzi ulioupitisha ukatamka wazi kwamba ibara hiyo haiwi msingi wa dhima wala fidia. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, Misri, mfuko wa hasara ukakubaliwa, ila anayechangia huchangia kwa hiari. Aristotle alitenga ukarimu na haki. Mkarimu hutoa kilicho chake. Penye haki ya kurekebisha, hakimu haulizi nani mwema na nani mwovu. Hutazama madhara, akarudisha usawa. Ukiliita deni msaada, aliyepoteza shamba kwa mafuriko unamfanya mwombaji, na aliyechangia mafuriko hayo anashukuriwa. Hilo linaniuma kweli.

Panaponisumbua ni kwa aliyezaliwa juzi katika nchi tajiri. Aristotle aliwaza watu wawili mbele ya hakimu, si vizazi. Mimi naelemea kusema kwamba aliyerithi barabara, viwanda na akiba amerithi na deni lake, maana mirathi haichaguliwi kipande. Najua utapinga. Niandikie unapingia wapi.

Rafiki yako,
Salma