Nyumba ya vituko Kigongo: mafundi wa mitumbwi tunatosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba Mwanza haiwezi kupata uwanja wa maana wa kuchezea watoto mpaka mashine ziagizwe nje kwa mamilioni. Mimi ni seremala. Naunda mitumbwi hapa Kirumba tangu nilipoacha ubaharia, na huko nako nilikuwa seremala wa meli za mizigo. Mchezo ulionichekesha kuliko yote niliyoiona bandarini ulikuwa wa mbao tupu.

Niliukuta Sydney, Australia, miaka ya sabini, ndani ya Luna Park. Uwanja ule uko ukingoni mwa maji, jirani na daraja kubwa la chuma. Daraja lilipofunguliwa mwaka 1932, karakana zilizotengeneza vyuma vyake ziliondolewa, eneo likabaki wazi, na mwaka 1935 pakafunguliwa uwanja wa burudani. Nyumba yake ya vituko, yaani jengo la michezo ya kuchekesha, inaitwa Coney Island, jina la ufukwe wa New York ambako George Tilyou alifungua uwanja wa burudani wa Steeplechase Park mwaka 1897. Tilyou alikuwa mtu wa aina yake. Uwanja wake ulipoungua mwaka 1907, alitoza watu senti 10 waje kutazama magofu yakifuka moshi! Kisha akajenga upya jengo la chuma na vioo, akalijaza vituko: pipa linaloviringika, gurudumu la kurusha watu, jukwaa ambalo upepo hutoka sakafuni ukapeperusha kofia na sketi. Ukishapita jukwaani, unakaa kuwacheka wanaokuja nyuma yako. Yaani umelipa uchekwe, na huondoki hapo kwa sababu sasa ni zamu yako kucheka.

Nyumba ya Sydney niliishika kwa mikono yangu. Gurudumu lao ni sahani pana ya mbao iliyolala chini, imesuguliwa mpaka inateleza. Mnajazana juu yake mmeketi, inaanza kuzunguka. Aliye pembeni anatupwa mapema, aliye kwenye kitovu ndiye wa mwisho kung'oka. Bwana mmoja wa chumba chetu cha injini, mnene, mkali, hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu, alisereka mpaka ukingoni na kofia yake ikabaki juu ikizunguka peke yake. Alirudi kwenye foleni kabla yetu. Kuna mapipa unayopita ndani yakiviringika. Ukienda moja kwa moja unaanguka, ukienda mshazari unavuka. Na kuna mteremko mrefu wa mbao wenye mabonde. Unapewa gunia, unalikalia, unashuka. Nilipofika chini niliinama kutazama kazi: mbao zimelazwa kufuata mteremko ili kibanzi kisimchome mtu, na vichwa vya misumari vimezamishwa ndani ya ubao. Wenzangu walinicheka, lakini seremala ndivyo alivyo.

Sasa hapo kuna nini cha kutushinda? Sisi tunapinda ubao na kuziba maungio kwa pamba mpaka maji yasipite. Pipa linahitaji mota na mkanda kama wa mashine ya kusaga. Hayo majumba ya plastiki ya kujazwa upepo tunayoletewa kila Idi na Krismasi, umeme ukikatika yanawaangukia watoto, na msimu wa pili yameshapasuka. Nyumba ya Sydney ni ya mwaka 1935 na bado watu wanateleza.

Sisemi hatari haipo. Usiku wa tarehe 9 Juni 1979, treni ya mizimu, mchezo wa kupanda treni gizani kati ya vitisho, katika uwanja uleule iliungua, wakafa watu 7, sita kati yao watoto. Uwanja ulifungwa kwa muda. Nyumba ya vituko ilinusurika moto, ikabaki hatari ya pili: ardhi ya ukingoni ina wachumba wengi. Kule San Francisco, uwanja wa Playland ulifungwa mwaka 1972, ukabomolewa na pakajengwa nyumba za kuishi. Sydney wasanii na wakazi walipiga kelele, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kulitenga eneo lile kwa ajili ya burudani. Wazee wa Capri Point, mtaa wa ukingoni mwa ziwa hapa Mwanza, wananielewa ninaposema sheria ije kabla ya uzio wa mabati wa wajenzi.

Pendekezo langu ni Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanapita bila kusimama, na waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga kwa abiria waliosubiri kivuko wanajua hasara yake. Wapeni watu sababu ya kusimama. Halmashauri ya Misungwi itenge kiwanja kwa maandishi, ianze na mteremko mmoja na gurudumu moja, na kazi wapewe mafundi wa ziwani. Jengo liwe wazi pande zote, bila vyumba vya giza, lenye milango miwili inayofunguka kwa nje na mapipa ya mchanga kila kona. Mvule siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, ila mninga utafaa kwa mteremko, mradi ukauke vizuri kabla ya kupigwa randa. Magunia tutachanga wenyewe.

Seremala wa mitumbwi,
Kirumba, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)