Kwa vijana wetu wa Minnesota mliosubiri simu ya chuo kikubwa

Wajukuu zangu, salaam.

Najua Februari hii haikuwa rahisi. Wenzenu walikaa mezani pale shuleni wamevaa kofia za vyuo vikubwa, wakasaini kwenda kuvichezea futiboli ya Kimarekani huku wakipigwa picha, na nyinyi mkasimama nyuma mnapiga makofi. Wawili wenu wamenijia baada ya ibada wakasema mpira basi. Anayeacha kwa sababu amechoka, au kwa sababu kichwa chake kimegongwa mara moja zaidi ya inavyofaa, aende na baraka zangu. Nina neno na anayeacha kwa kuwa simu haikulia.

Adam Thielen mnamjua kwa jezi namba 19 ya Vikings, timu ya kulipwa ya jimbo letu; ni mpokeaji, yule anayekimbia kwenda kudaka mpira uliorushwa. Mwanzo wake labda hamuujui, maana mwaka 2008 wengi wenu mlikuwa bado mgongoni kwa mama. Ni kijana wa jimbo hili hili, mzaliwa wa Detroit Lakes. Alipomaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Minnesota State, pale Mankato, wakampa ufadhili wa dola 500. Hamjasoma vibaya, ni dola mia tano. Akaenda.

Hapa niseme na wazazi kidogo, kwa sababu nasikia watu wakitangaziana kwenye sherehe kwamba mtoto amepata skolashipu, na hakuna anayeuliza ni ya kiasi gani. Chuo cha daraja la pili la michezo ya vyuo, kama Mankato, kinaruhusiwa ufadhili kamili 36 tu kwa timu nzima ya futiboli, na timu yenyewe inaweza kuwa na vijana mia. Kocha anaukata vipande vipande, huyu robo, yule ada ya vitabu, mwingine hana kitu. Daraja la tatu hawatoi ufadhili wa michezo kabisa. Lakini huko huko daraja la tatu, chuo cha Mount Union, Ohio, ndiko alikotoka Pierre Garçon, mtoto wa wahamiaji wa Haiti. Colts, timu ya kulipwa ya Indianapolis, walimchukua mwaka 2008 akiwa mtu wa 205 katika uchaguzi wa vijana wa mwaka ule, na mwaka 2013, akiwa timu ya Washington, alidaka mipira 113, na hakuna aliyempita ligi nzima. Mzazi anayeona aibu kutaja chuo cha mwanawe kwa kuwa hakionyeshwi kwenye televisheni, aibu hiyo aiache.

Turudi kwa Thielen. Kila mwaka timu za ligi ya kulipwa, NFL, huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, na mwaka 2013 zilichagua 254. Jina lake halikuitwa. Vikings walimtaka mpokeaji, tena sana, mpaka wakawapa New England nafasi zao nne za uchaguzi ili wampate Cordarrelle Patterson katika raundi ya kwanza. Thielen wakati huo alikuwa ameanza kufikiria kazi ya kuuza vifaa vya madaktari wa meno. Akaitwa aje kujaribiwa tu kwenye kambi ya wachezaji wapya, akafanya vizuri, wakamsainisha. Mwisho wa Agosti wakamwondoa kikosini. Kisha wakamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi, na msimu wote ule alifanya mazoezi na wenzake bila kucheza mechi hata moja.

Msimu wa 2014 na wa 2015 ndiyo ninayotaka muiangalie zaidi. Katika misimu hiyo miwili alidaka mipira 20 jumla. Mpokeaji tegemeo huipata hiyo kwa wiki chache. Alibaki kazini kwa sababu ya vikosi vya mateke, vile vinavyoingia uwanjani mpira unapopigwa teke, mnakimbia yadi hamsini kwenda kugongana na mtu, halafu mnatoka na hakuna aliyekumbuka majina yenu. Tarehe 30 Novemba 2014 Panthers, timu ya Carolina, walikuja kucheza hapa, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, maana ule mpya wa Vikings ulikuwa bado unajengwa. Panthers wakapiga teke, teke likazuiwa, mpira ukadunda ovyo. Aliyeuokota ni Thielen, akakimbia nao yadi 30 mpaka mwisho. Hiyo ndiyo tachidauni yake ya kwanza kwenye ligi, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa wapinzani, na hakurushiwa mpira na mtu.

Sasa mmoja wenu, na anajijua, alimnunia kocha mwezi mzima kwa kuwekwa kwenye kikosi cha mateke. Alisema yeye ni mpokeaji. Mjukuu wangu, hata Thielen alikuwa mpokeaji.

Yaliyofuata mmeyaona wenyewe au mmeyasikia: yadi 967 kwa mipira aliyodaka mwaka 2016, 1,276 mwaka uliofuata, na 2018 mechi nane za kwanza za msimu, kila moja yadi mia au zaidi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kuanzia mechi ya kwanza. Mwaka 2019 wakamwandikia mkataba mpya wa dola milioni 64 kwa miaka minne.

Ila asije mtu akawauzia habari hii kama ahadi. Wengi waliovaa jezi moja naye Mankato hawakuvaa ya kulipwa, na wala hawakukosea popote. Ukienda chuo kidogo, nenda kwa sababu kozi unayoitaka ipo na kocha amekueleza waziwazi utacheza lini. Uliza ni wangapi wa nafasi yako wapo mbele yako na wanamaliza mwaka gani. Ukiumia goti mwaka wa pili, ufadhili unabaki au unaondoka? Ukiona kocha anazungukazunguka kwenye hilo, umeshajibiwa. Na yule anayetaka pesa za mama yako ili akutangaze kwa makocha, mwambie video zako zipo, utazituma mwenyewe.

Barua za msaada wa fedha zinaingia sasa. Msisaini peke yenu usiku kwenye simu. Jumapili baada ya ibada nitakuwa ukumbini nyuma ya kanisa na miwani yangu, njooni nazo pamoja na mzazi mmoja, tuzisome mstari kwa mstari. Nasikia kuna chai.

Babu yenu,
Brooklyn Park