Jiko la mkaa lisilale chumbani mwako

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kwamba baridi ya Njombe imekuzidi na kwamba sasa unalala na jiko la mkaa chumbani, nami tangu hapo sina raha. Unasema mkaa ukishakolea hauna moshi. Wewe ndiye uliyeongoza darasa kwa kemia, jambo ninalojivunia hadi leo, kwa hiyo jibu hilo sikulitarajia kutoka kwako.

Unajua kwamba kila molekuli ya himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu za damu, ina ioni nne za chuma, na kwamba ni chuma hicho kinachopokea oksijeni mapafuni na kuifikisha mwilini. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chuma kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ni kama abiria aliyekalia kiti na kukataa kushuka. Tena akishakaa, hata oksijeni iliyo katika viti vingine hung'ang'ania, isishuke panapohitajika. Mtu hufa akiwa na damu tele mwilini.

Hapa maabara napima himoglobini za watu kila siku, na kipimo hicho hakiwezi kunionyesha hatari hii. Hata kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni hudanganyika, kwa kuwa hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na gesi.

Kichwa kikikuuma, au ukihisi kizunguzungu na kichefuchefu, usisingizie uchovu ukajilaza. Toka nje, kisha nenda hospitali ukapewe oksijeni, kwa sababu hewa ya kawaida huiondoa gesi hiyo polepole mno. Ila aliyekwisha kulala hazisikii dalili hizo, ndiyo maana nasisitiza: jiko lipikie nje, wala usiliingize ndani hata kwa kuota moto kidogo.

Baba yako anasema nakutisha bure, mwache aseme. Nimekutumia blanketi zito kwa basi la Ijumaa, ukalichukue stendi. Ada ya mdogo wako tumeshalipa, kwa hiyo mwezi huu usitutumie pesa; nunua soksi za sufu na sweta. Nijibu leo uniambie jiko umeliweka wapi.

Mama yako