Yakhe, hawamuabudu Joseph Smith

Assalaam aleikum yakhe,

Za Unguja? Sie huku Wete wazima, mvua tu ndo haitupi nafasi. Ile simu ya juzi ilinikaa rohoni, ulivosema Wamormoni wanamuabudu Joseph Smith, yule Mmarekani alieanzisha kanisa lao, na mie nkanyamaza kwa kuwa sikuwa na hakika. Sasa nshamuuliza Mmormoni mwenyewe, yule fundi wa sola wa Nairobi aliepanga kwetu.

Ilianzia barazani. Nlitaka kummiminia kahawa akafunika kikombe kwa kiganja, akasema kwao kahawa na chai ya majani wamekatazwa tangu 1833. Mama akamchemshia mchaichai, akanywa vikombe vitatu, tukakaa mpaka saa tano usiku.

Yakhe, hawamuabudu. Kwao ni nabii, hawamuombi kitu. Wanamuomba Mungu Baba kwa jina la Yesu, hata Yesu mwenyewe dua haielekezwi kwake. Panaponishinda ni hapa, wanasema Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, unaoshikika ila haufi, na Yesu anao wake mbali, Roho Mtakatifu ndo hana, yeye ni roho tu. Watatu mbalimbali, umoja wao ni wa nia. Ndo maana Wakristo wengi wanawakataa, kwa sababu ile kauli ya baraza la maaskofu huko Nikea mwaka 325, kuwa Baba na Mwana ni dhati moja, wao hawaitaki. Wanaanzia 1820, Joseph Smith kijana wa miaka 14 kaingia msituni kuomba huko New York, wanaamini aliwaona wawili, Baba na Mwana, wamesimama mbele yake.

Nkamwambia sie tumefundishwa toka chuoni hakuna kinachofanana Nae, hakuzaa wala hakuzaliwa. Akanijibu kwa upole kuwa kwake neno Baba si mfano, roho zetu ni watoto wake kweli, na akipiga magoti anahisi anasema na mzazi. Machozi yalimlengalenga. Sikukubali na sitokubali, lakini lile lilitoka moyoni.

Ibada yao ya Jumapili wanagawa mkate na maji, si mvinyo, na kijana anaesoma ile dua akikosea neno anarudishwa aanze upya. Wallahi nlimkumbuka maalim wetu na kile kifimbo chake! Halafu mara moja kwa mwezi wanafunga, wanaacha milo miwili, na pesa ya chakula wanawapa maskini.

Kwa hiyo tukiwapinga tuwapinge kwa wanayosema wenyewe, ile habari ya mwili inatosha, tusiwazulie.

Jumatano anakuja huko na boti, nimemwambia utampokea bandarini. Muulize kuhusu Mama wa Mbinguni, maana anasema wanaamini yupo ila hawamuombi, na usingizi ulitukatisha kabla sijaelewa.

Salamu kwa wote nyumbani.