Al-Ittihad nalo lisisahaulike

Mhariri, salaam. Juzi mmeandika kuhusu magazeti ya vyama ila Al-Ittihad la Haifa, mji wa kaskazini mwa Israeli, hamkuligusa kabisa, na mimi naona hilo ndo lingetangulia. Lilianza Mei 1944 enzi za Mwingereza kule Palestina, wakomunisti wa Kiarabu kina Emile Touma na Emile Habibi wakiwa miongoni mwa waanzilishi, na baada ya 1948 likawa gazeti la Kiarabu la Chama cha Kikomunisti cha Israeli.

Mwaka 1953 waziri wa mambo ya ndani akalifungia siku 15, na lile la Kiebrania la chama, Kol HaAm, siku 10, kisa waliishambulia serikali kwa habari kwamba Israeli itaipa Marekani askari 200,000 kama Marekani itapigana na Wasovieti. Wakaenda Mahakama Kuu wakashinda, na hukumu ile mpaka leo ndo nguzo ya uhuru wa kusema kule! Halafu Mahmoud Darwish, mshairi maarufu wa Kipalestina, alifanya kazi Al-Ittihad akiwa kijana bado, yani chama kililea na washairi. Tunaomba makala nzima jamani, historia kama hii vijana wetu wa habari wanaihitaji sana.

Msomaji wenu, Tanga