Barua ya wazi kwa Spika: ripoti ya CAG ijadiliwe kabla ya bajeti

Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUJADILI RIPOTI YA CAG KABLA YA KUPITISHA BAJETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila ifikapo mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti yake, na Aprili inatua mezani kwako. Wiki hiyo nchi nzima tunakuwa wahasibu. Bodaboda kijiweni anakuchambulia hati chafu na hati yenye shaka, mama ntilie anauliza halmashauri yetu imepata ipi. Halafu kimya. Bunge linahamia kwenye bajeti, mafungu yanapitishwa hadi Juni, na ripoti inakuja kujadiliwa Novemba. Kufikia hapo wizara iliyotajwa imeshapewa fedha nyingine na imeanza kuzitumia. Mkurugenzi aliyeguswa naye pengine ameshahamia halmashauri nyingine, na huko kapokelewa kwa ngoma.

Hoja ya upande wa pili naijua: PAC na LAAC, kamati za Bunge za hesabu za Serikali Kuu na za Serikali za Mitaa, lazima kwanza ziwahoji maofisa masuuli, yaani wale wanaowajibika kwa fedha za kila taasisi, na kazi hiyo haiishi kwa wiki mbili. Sawa. Uchambuzi wa kina ubaki Novemba. Ninachoomba ni siku mbili tatu za kujadili hoja nzito kabla ya kupiga kura ya mafungu, na waziri anaposimama kuomba fedha mpya aanze kwa kueleza amejibu nini kuhusu zile zilizokaguliwa.

Sijakata tamaa na Bunge. Februari 2008 ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ilisomwa hapo hapo Dodoma, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Novemba 2014 PAC ilipeleka bungeni sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow ikiwa na ukaguzi maalumu wa CAG mkononi. Ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine ameachia ngazi. Hata fedha za rada, zile zilizorudi kutoka Uingereza baada ya sakata la ununuzi wa rada tukaziita chenji ya rada, zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Lakini kinachonipa moyo zaidi nimekiona kijijini kwetu. Tulikuwa tunajenga zahanati kwa fosi akaunti, ule utaratibu ambao wanakijiji wenyewe wanakaa kwenye kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Ikaletwa saruji. Karatasi inasema mifuko 200. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi, mkulima wa mpunga, akaingia stoo na kuihesabu safu kwa safu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Akapata 160. Akaambiwa asaini tu, iliyobaki iko njiani. Akaambiwa anachelewesha maendeleo, maneno ambayo hapa kwetu yanatosha kumnyamazisha mtu mzima. Akajibu, "Nitasaini nilichohesabu." Siku ya tatu jioni pikapu ikaleta mifuko 40.

Hakupiga 113, namba ya simu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na sidhani kama amewahi kusikia kuwa tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Alikataa kusaini, basi. Baada ya hapo mtendaji akaanza kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo kila baada ya miezi mitatu, na watu wanasimama kusoma huku wakibishana bei ya mbao na tripu za mchanga.

Mheshimiwa Spika, mama yule alihesabu kwanza, kisha akasaini. Bunge linasaini Juni na kuhesabu Novemba. Kubadili mpangilio huo hakuhitaji muswada wala fedha za wafadhili, kwa sababu Kanuni za Kudumu mnazitunga na kuzirekebisha ninyi wenyewe.

Nakala ya barua hii nimempa mbunge wetu. Pia nimeomba suala hili liingizwe kwenye ajenda za mkutano mkuu wa kijiji ujao, ili ombi liende kwake likiwa na muhtasari na mahudhurio, na vijiji jirani tumekwisha kuvidokeza. Naomba jibu la maandishi kabla Kamati ya Bajeti haijaanza vikao vyake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kijiji, Morogoro